Mkono wa Kike

9 Januari

Mdogo wangu Kibiriti,

Salamu zako zimefika ndani ya gunia moja na mota, na vyote viwili vilinuka grisi. Mimi ni mzima. Mama hajambo, ila siku hizi anapenda uji kuliko chakula cha kutafuna. Anauliza kama unakula au unavuta sigara tu. Mshonaji wa jirani anakusalimu. Kuanzia leo barua zako ziandike kwa jina la duka lake, na simu usinipigie, kwa sababu simu imekutana na nyundo. Nitafika huko.

Mota ni nzuri. Nimeifungua, nikapuliza unga wa sabuni uliogandamana humo tangu enzi za mwenye nguo zake, nikabadilisha beringi iliyokuwa inalia. Waya za kufulia zimeungua, za kukamulia ni nzima, nami sina nguo za kufua. Unajua ninavyozipenda hizi mota za mashine za kufulia. Hazina upande. Kapasita ukiiweka kwenye waya huu zinazunguka kulia, ukiihamishia kwenye ule zinazunguka kushoto, wala hazinuni. Hii naifunga kwenye mashine ya kutobolea, na ile ya zamani naihamishia kwenye msumeno.

Mashine ya kunolea ya marehemu baba, inayozungushwa na mota ya namna hii hii, bado ndiyo mkubwa wa karakana. Watu wanaleta mapanga, mashoka na visu vya bucha kutoka mitaa ya mbali. Naisimamia upande ule ule alioisimamia yeye, maana mashoto wawili tulielewana. Wewe ulikuwa unaikwepa, ukisema inakwenda kinyume kama ngamia. Lakini nati inayoshika jiwe la kunolea aliikata mwenyewe, hesi ya kushoto, mikato yake ya ndani ikiwa kinyume cha nati za kawaida, ili jiwe likizunguka kushoto nati izidi kujikaza. Yeye hakusema kushoto hata siku moja. Alisema mkono wa kike, neno alilotoka nalo kwa fundi wake wa kwanza, na sisi tukawa tunacheka kwa sababu mtaani hakuna mwingine anayesema hivyo.

Sasa lililonifanya niandike. Baba Mdogo amehamia. Alikuja na kitanda chake na rungu la kazini, lile la kulindia ghala, akasema mali ya kaka hurudi kwa kaka na kwamba wanawake wawili hawawezi kukaa na vyuma vinavyozunguka bila mwanamume. Nikacheka. Ndipo simu ikakutana na nyundo. Ufunguo wa karakana anao yeye, ananifungulia asubuhi kama mfungwa wa kazi ngumu, na wateja wanamlipa yeye.

Usiwake. Nakueleza ili ujue, si ili uje.

Dada yako.


30 Januari

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzima wa afya na ninakula. Mwambie mama sigara nimepunguza, nusu ni kweli. Huku yadini vyuma vinaingia usiku na mchana, friji, pampu, feni, mashine za kufulia zenye matumbo wazi. Ile mota niliyokutumia ilikuwa na mwenyewe mwingine, jamaa mmoja wa zamu yetu aliyedai ameiona kwanza. Tulizungumza kwa nondo. Yeye ameshonwa kichwani, mimi nimepoteza jino la pembeni, na mota unayo wewe. Kwa hiyo usiniambie nisiwake, nimeshazoea kuwaka kwa mambo madogo zaidi ya hili.

Nijibu swali moja tu. Mama anakula uji kwa nini? Mama huyu ninayemfahamu alikuwa anavunja mfupa kwa magego na kutuchekea sisi tuliouacha. Hajawahi kupenda uji, hata alipougua.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Umeandika ukurasa mzima juu ya beringi na mistari michache juu ya yule mtu. Nakujua, dada. Ukiwa na jambo zito unaongea vyuma.

Mbele ya kaburi la baba nilimrukia na sepetu mkononi, na mama akanishika miguu mbele ya watu wote, akaniapisha nisirudi maadamu yule mtu yuko hai, maana alijua nitamuua. Kiapo nimekishika mpaka leo. Lakini niliapa nikidhani atakaa kwake.

Mama anakula uji kwa nini?

Mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Pole na jino. Mwandiko huu usikushtue, naandika kwa mkono wa kulia na herufi zinalala kama walevi. Mshonaji amenipa kiti chake, anatazama mlango. Ana mkasi mrefu mapajani na anasema ni wa kukatia kitambaa.

Mama alipigwa mdomoni kwa kitako cha rungu siku ile ile simu ilipovunjwa. Alisimama kati yetu. Meno ya mbele yametoka yote. Nilidhani ukijua utapanda gari la kwanza, ndiyo maana nikaandika uji. Sasa unajua, na bado nakwambia usipande gari.

La pili nalo ni hili. Unakumbuka kifuniko cha mashine ya kunolea, kile baba alichokikata kwenye mtungi wa gesi kufunika jiwe? Unakumbuka aliandika juu yake KIKE kwa kulehemu, herufi nene, ili mtu yeyote atakayefungua nati ajue aizungushe upande gani. Baba Mdogo ameishi na mashine ile wiki zote hizi bila kusoma. Wiki iliyopita mteja mmoja, kwa utani tu, akamwuliza kama hii ndiyo mashine ya kike, na ya kiume iko wapi. Watu wakacheka. Baba Mdogo akainama, akasoma.

Akaelewa kivyake. Kwamba baba aliandika mashine hii ni ya mtoto wa kike, kwamba ni wosia uliolehemiwa, na kwamba mimi nimekuwa nikiufunika kwa matambara makusudi. Nilianza kumweleza, kofi likanikuta katikati ya neno. Akachukua tupa akaanza kuzifuta herufi, na weldi ya baba unaijua, tupa ililia ikaisha meno. Akachukua patasi, patasi ikapinda. Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kitu jikoni. Mwisho akafungua bolti, akang'oa kifuniko chote, akakitupa nje barabarani. Jiwe limebaki uchi.

Kisha akanivuta mpaka kwenye jiriwa. Alikuwa ametulia, hilo ndilo linalonirudia nikilala. Akauliza mkono ninaofanyia kazi ni upi, na anaujua, alikuwa akinichapa kwa sababu yake tangu nikiwa mdogo. Akauweka katikati ya meno ya jiriwa na kuzungusha mpini polepole, kama mtu anayekaza kitu asichotaka kukivunja. Nilisikia vidole kabla sijaviona. Mama alimwuma mgongoni kwa fizi tupu. Naye akamtupa mama ukutani.

Vidole viwili havitarudi. Daktari hakuniuliza kitu, alifunga tu. Polisi waliniuliza kama nina shahidi, na mashahidi wote walikuwa wamekumbuka kitu jikoni.

Usije. Ukija utamuua, na wao watakunyonga, na mama atabaki na uji na kaburi la pili. Nakuomba kwa jina la baba.

Dada yako.


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimesoma.

Yadini pana mashine ya kunolea pia, ya kawaida, inazunguka kama za watu wote. Nimeitumia jioni mbili hizi. Msimamizi ameniuliza ninanoa nini nikamwambia ni kazi ya nyumbani.

Ruhusa nitapata mwisho wa mwezi. Mwambie mama nimeota anacheka.

Kibiriti.


15 Machi

Kibiriti,

Mama amenifanya niisome barua yako mara mbili, kisha akaitia motoni. Hajalia. Amesema tu kwamba kiapo ni kiapo, akaenda kulala na viatu miguuni.

Ulinoa nini usinitajie, mimi ndiye niliyekufundisha kunoa. Sikiliza. Namfahamu mtu huyu kuliko wewe. Analala na rungu, mlango ameuwekea komeo la ndani, na amesema wazi mtaani kwamba anakungoja. Ukiingia kwa hasira yako utakufa wewe, au atakufa yeye na wewe ufe baadaye, sioni hesabu nyingine. Nimeshapoteza baba na vidole. Wewe sikutoi.

Huku kazi inaendelea. Mimi nafagia na kushika taa, yeye ananoa mwenyewe, na ananoa vibaya. Amesimama upande wa kulia kama anavyojua, basi cheche zote zinamrukia usoni, nyusi zimeungua, wateja wanafunika midomo. Anasema mashine ina kisirani cha marehemu. Amemwita fundi redio wa pale kona aje aigeuze izunguke kama mashine za watu. Fundi redio ni mtu mwema na waya anazijua. Atahamisha kapasita kwa dakika chache. Habari za nati hazijui, kwake nati ni nati. Amesema atakuja akimaliza msiba wa mkwewe.

Mkono unapona taratibu. Nimeanza kushika tupa kwa vidole vilivyobaki.

Naomba jambo moja na sijawahi kukuomba mengi. Usipande gari kabla hujapata barua yangu nyingine. Subiri barua yangu.

Dada yako.


2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Mama hajambo, leo amekula wali. Mimi pia. Kaa chini kwanza kama umesimama.

Baba Mdogo amefariki, na tumeshazika. Ilikuwa ajali ya mashine, karakanani, asubuhi, watu wakiwepo. Fundi redio alikuja akahamisha waya kama alivyoagizwa. Baba Mdogo akatia plagi mwenyewe, akasimama mbele ya jiwe na panga la mteja mkononi, akawasha.

Unajua kilichofuata kwa sababu unaijua mashine. Ilianza kuzunguka kulia kwa nguvu zote za kukamulia, na ile nati ikajifungua yenyewe, ikaruka ikagonga bati la paa. Jiwe lilibaki likitetema kwenye ekseli kwa muda mfupi kama linafikiri. Kisha likatoka. Lilimkuta chini ya taya. Lilipasuka hapo, kipande kikaingia shingoni na kingine kikakata ukuta wa matofali nyuma yake. Hakuanguka mara moja. Aligeuka kunitazama, mkono shingoni, damu ikipita katikati ya vidole kwa kuruka, ikalowesha unga wote wa chuma niliokuwa nimefagia asubuhi ile. Alitaka kusema kitu na mdomo wa kusemea haukuwepo. Kisha akapiga magoti, akalalia panga la watu. Mota iliendelea kuzunguka tupu mpaka nikachomoa plagi.

Kama kifuniko kingekuwepo, jiwe lingebaki humo humo. Kila mtu mtaani anasema hivyo, wanasema alijitakia mwenyewe siku aliyokitupa barabarani. Polisi walikuja, wakapima, wakamhoji fundi redio na mimi, wakaandika ajali. Fundi redio hajafungua kazi tangu siku ile. Nampelekea chai.

Kifuniko kilikuwa kwa mshonaji muda wote, alikiokota. Nimekirudisha.

Njoo sasa. Kiapo kimeisha. Ulichonoa kitupe.

Dada yako.


11 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako ilinikuta kituo cha mabasi, si yadini. Jamaa niliyempiga nondo ndiye aliyenifuatilia nayo, alikimbia mpaka kwenye dirisha la gari. Ndani ya mfuko nilikuwa na nguo moja na panga. Usinigombeze, mwisho wa mwezi ulikuwa umepita na barua haikuwa imefika. Nilishuka. Panga nimelitia kwenye mashine ya kubinyia vyuma, limekwenda pamoja na friji.

Nimefurahi, sitaki kusema uongo. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Halafu usiku nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani.

Ile ya Machi nimeisoma tena na tena. Uliniambia fundi redio anakuja kugeuza mzunguko. Uliniambia habari za nati hazijui. Kisha ukaniambia nisubiri barua yako. Dada, mtu anayesema subiri barua yangu anakuwa na jambo la kuandika, na wewe siku ile ulikuwa hujapata la kuandika bado.

Katika ile ya mwisho umenieleza kila kitu, mpaka nati ilipogonga bati. Umeniambia ulikuwepo. Hukuniambia ulisema nini. Wewe, ambaye mtu akishika tu spana vibaya unamkemea kutoka barabarani.

Mimi si polisi. Sitakupenda pungufu hata nusu nukta. Lakini nilikuwa naenda kuua mtu kwa mkono wangu, na sasa nalala na mikono safi, na nataka kujua nani amenisafishia.

Ulimwambia kuhusu nati au hukumwambia?

Mdogo wako.


20 Aprili

Kibiriti,

Mama anakusalimu na anakushonea shati. Yule jamaa wa nondo mpe salamu zangu, na umwambie akija huku nitamnolea chochote bure. Karakana ni yetu, ufunguo nimeuvaa shingoni. Nimekata nati mpya, hesi ya kushoto vile vile, nikitumia mkono wangu wa kulia, ilinichukua siku nzima na si nzuri kama ya baba, lakini inashika. Waya nimezirudisha kushoto.

Umeuliza, nami sikuzoea kukudanganya zaidi ya ule uji.

Nilimwambia. Muulize fundi redio, alikuwa ameshika bisibisi bado. Ameapa mbele ya polisi kwamba nilimwonya marehemu kwa sauti, naye hakusikia, na mtaa mzima unanisifu kwa hilo. Akina mama wanasema mwingine mahali pangu angenyamaza.

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Alikuwa ameshika swichi. Nikamwambia, "Baba Mdogo, usiwashe. Hiyo nati ni ya kike."

Akageuka. Aliutazama mkono wangu, huu uliofungwa, akatabasamu.

"Bado unalo neno hilo mdomoni," akasema. "Mimi ni mwanamume." Akawasha.

Hayo ndiyo niliyosema, na yote yalikuwa kweli. Baba angesema hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Polisi wameyaandika.

Lakini wewe umeuliza ni nani aliyekusafishia mikono. Nilikuwa na muda, Kibiriti. Nilifagia sakafu ile yote nikifikiria nitasemaje. Ningesema nati ni ya kushoto, angeinama kuitazama, ni mwoga wa vyuma yule, angemwita fundi redio arudishe waya. Nililijua neno kushoto. Watu wote wanalijua. Nilikuwa nalo ulimini, nikalimeza, nikasema la baba.

Dada yako.